Fungu la Mwisho

Kanisani kwetu Louisville, Marekani, tulimwita Mgawaji. Watoto waliozaliwa huku walidhani ni jina lake la ubatizo, na mmoja wao aliwahi kuandika shuleni kwamba babu yake wa jirani anaitwa Bwana Mgawaji. Jina lake la kweli nalijua, lakini sitaliandika. Mwenyewe hakupenda kuitwa kwa jina mbele za watu. Alisema mtu akisikia jina lake hugeuka, na kazi yake yeye ilikuwa kutogeuka.

Kazi hiyo niieleze kwa wasioijua. Krismasi ikikaribia, nyumba zetu hushirikiana ng'ombe, wakati mwingine wawili, kwa mfugaji mmoja nje ya mji. Sisi ni watu wa ng'ombe, wa milima ya Kivu ya Kusini. Nyama ya dukani tunaila na kumshukuru Mungu, lakini haina kwao. Wanaume huchinja na kupasua kulekule ghalani kwa mfugaji, kisha nyama hupangwa juu ya plastiki safi kwa mafungu, kila nyumba na fungu lake. Hapo Mgawaji huja akasimama, akayapa mafungu mgongo. Mtu mwingine huelekeza fimbo kwenye fungu na kuuliza, "Hili la nani?" Naye asiyeona hutaja nyumba: la mjane yule, la mzee wa kwaya, la wale vijana wanaokaa pamoja mtaa wa Highview. Likitajwa limetajwa. Utagombana vipi na mgongo?

Mshika fimbo nilikuwa mimi, kwa miaka mingi. Kwa hiyo ninayoyasema hapa niliyaona kwa karibu.

Hivyo ndivyo walivyofanya wazee wetu kule milimani, ila kwa jambo moja. Kule, mtajaji aliitaja na nyumba yake mwenyewe, popote ilipomjia kinywani. Akipata paja, amepata paja. Mgawaji wetu alikataa. Aliniagiza tangu mwaka wa kwanza, "Mwinjilisti, lile fungu la shingo usilielekeze mpaka mwisho. La mwisho ni langu." Basi ikawa hivyo. Kila Krismasi nyumba zote zilienda na mbavu, mapaja na maini, naye akaenda na shingo. Watu walimsifu. Wachungaji waliitumia shingo ile katika mahubiri, na mimi pia niliitumia, maana Maandiko yanatuonya tusitazame nyuso za watu, na sikuwa na mfano ulio karibu kuliko huo.

Mke wake alikuwa na maneno yake juu ya jambo hilo. Ukimuuliza habari za sikukuu, alikujibu, "Sisi watu wa shingo, tuko salama." Alicheka akisema hivyo. Nilichelewa kugundua kwamba binti yake mkubwa, akiwa karibu, hakucheka.

Kwa sababu ya mgongo ule, kila kitu cha kugawa kililetwa kwake. Makoti ya msaada yalipofika kanisani kabla ya theluji, aliketi akiutazama ukuta, akitaja watoto mmoja mmoja huku akina mama wakiinua makoti nyuma yake. Zamu za kulala hospitalini na mgonjwa alizipanga yeye. Hata viti vya gari la kwenda kazini alivigawa: leo mbele akae huyu, kesho yule, na yeye siku zote nyuma kabisa, magoti yakimgusa kidevu. Pasaka moja makanisa yetu ya Louisville, Columbus na Buffalo yalipokutana Columbus, kila kwaya ilitaka kuimba asubuhi, watu wakiwa na nguvu. Walimwita aamue. Aliipa kwaya yetu saa ile ya baada ya chakula, ukumbi mzima ukisinzia. Mwalimu wetu wa kwaya alimfuata nje.

"Mzee, hata wewe? Tutaimbia nani, bale banakoroma?"

"Bon, imbeni kwa nguvu," akamwambia. "Mukiwaamusha, mutakuwa mumeshinda wote."

Nisije nikamchora kama malaika, akasikitika huko aliko. Alikuwa mwizi wa karata. Sikuona mtu mzima anayeiba karata waziwazi kama yeye: aliikalia, aliitia kwenye soksi, na ukimshika alikutazama kwa huzuni kana kwamba wewe ndiye umekosa. "Hii hapana kugawa," alisema. "Hii ni muchezo." Pia hakuwa na subira na wahubiri warefu. Nilipozidisha, alikohoa mara moja, na nilijua maana ya kikohozi hicho.

Lakini kubwa kuliko yote lilikuwa jambo la mpiga kinanda.

Huyu alikuwa ndugu wetu, mtu mwenye kipaji na hasira. Siku moja aligombana na wazee kuhusu nani aongoze ibada, akaondoka na nusu ya kwaya na kinanda chenyewe, akafungua kanisa lake upande wa pili wa barabara. Tulikuwa tunawasikia wakiimba wakati sisi tunaomba. Alimsema Mgawaji vibaya kila mahali, kwamba ni mzee wa kujionyesha, kwamba anakula shingo mchana na sifa jioni. Wote wawili walifanya kazi katika bohari moja kubwa, wakipakia na kupakua mizigo, pamoja na wengi wa watu wetu. Msimamizi wa pale, mama mmoja mwenyeji wa Kentucky, alikuwa amejifunza kwamba neno la Mgawaji halina kona. Nafasi ilipotokea ya kuongoza kundi la zamu ya mchana, alimuuliza, "Nipe jina la mtu mmoja."

Mgawaji akamtaja mpiga kinanda.

Tulishangaa. Mimi nilimwendea nyumbani. "Ndugu, yule anayekutukana?"

"Ananitukana kanisani," akasema. "Bohari sio kanisa. Kule anapanga muzigo vizuri, hapana kupiga watu kelele, na kama mutu ameumia mugongo anamuona mbele ya wote. Niliulizwa nani anafaa. Sikuulizwa nani ananipenda."

Mpiga kinanda alipewa kazi, na akaifanya vizuri. Hakuja kushukuru, ila tangu siku ile hatukusikia tena neno baya kutoka kwake. Na sifa za Mgawaji zikavuka mipaka ya mji. Buffalo walimsimulia, Columbus walimsimulia.

Sasa nieleze upande ambao haukusimuliwa.

Binti yake mkubwa alifanya kazi katika bohari hiyohiyo, zamu ya usiku. Alikuwa na watoto, wa mwisho bado mchanga, na mume wake aliingia kazini alfajiri. Wazazi hao walikuwa wakikabidhiana mtoto kwenye maegesho ya magari, mmoja akitoka, mwingine akiingia, mtoto amelala ndani ya kiti chake cha gari bila kujua ameshikwa na nani. Binti alikuwa amekonda. Kazi aliijua kuliko wengi. Wapya wote waliofika bila Kiingereza ni yeye aliyewafundisha. Alichohitaji ni zamu ya mchana. Nafasi za mchana zilikuwa zikitokea, na kila zilipotokea msimamizi alimuuliza baba yake, na kila alipoulizwa alitaja mtu mwingine. Walikuwa watu wanaofaa, sikatai.

Nilikuwapo siku binti alipomuuliza. Tulikuwa kwao Highview, tunakunywa chai.

"Baba, kuna nafasi ya mchana tena. Wewe ndiye unaulizwa."

"Niko najua."

"Mimi niko nafaa, ama sifai?"

"Unafaa, mama. Unafaa sana. Lakini uko mtoto wangu. Watu watasema nini?"

Binti aliweka kikombe chini polepole. "Basi ningezaliwa kwa jirani," akasema. "Ama ningekuwa adui yako. Adui yako anafanya mchana."

Mama yake alisema, "We mtoto," lakini sauti haikuwa na nguvu. Mgawaji alitazama dirishani, akatupa mgongo.

Haukupita muda mrefu binti na mume wake walihamia Buffalo, ambako shemeji yao alimpatia mume kazi katika kiwanda cha Tonawanda, karibu na hapo. Hawakugombana na mzee. Walimuaga vizuri, wakaombewa, wakaenda. Ila simu zikawa fupi. Binti alizungumza na mama yake, na mzee akipewa simu alisikia, "Shikamoo Baba, tuko salama, mtoto analia, tutaongea." Wajukuu wakubwa walimjibu kwa Kiingereza, naye akawaitikia kwa Kiswahili, kila upande ukiamini umesema jambo.

Miguu ya Mgawaji ilianza kuvimba. Daktari alimpunguzia kazi, kisha akamwondoa kabisa. Naye akaanza kuniambia, mara kwa mara, bila kunitazama, "Mwinjilisti, nataka kuona yule mtoto." Hakusema yupi. Nilielewa kwamba hazungumzii mjukuu.

Tulikwenda wakati wa majani kubadilika rangi. Tulilala Columbus kwa kijana wangu, kesho yake tukaendelea. Binti alikaa katika nyumba ya mbao ya ghorofa mbili, wao juu, na chini jirani yao Mchina, mzee aliyestaafu kutoka kiwanda kilekile cha Tonawanda. Alitupokea vizuri. Alipika, akamwekea baba yake mto chini ya miguu, akamwita Baba kwa heshima zote. Ungemwona ungesema hakuna neno kati yao. Lakini alimkarimu kama mtu anavyomkarimu mchungaji mgeni, na Mgawaji, ambaye maisha yake yote hakupenda kupendelewa, alikaa pale akitamani kugombezwa.

Siku ya pili jirani alitualika chai. Tulishuka sote. Ukutani palikuwa na karatasi ndefu nyeupe yenye alama nne kubwa zilizoandikwa kwa brashi nyeusi. Mgawaji alipenda kuuliza. Aliuliza zinasema nini, na mkwe wake akatafsiri Kiingereza cha yule mzee kwa Kiswahili chetu.

"Anasema ni maneno ya kwao ya kumsifu mtu. Mtu ambaye jambo la watu wote ni kubwa kwake, na la kwake mwenyewe haliingii ndani. Hapendelei. Baba yake ndiye aliandika."

Uso wa Mgawaji uling'aa. Miaka yote nilimjua, sikuwahi kumwona akijisifu, lakini siku ile alikuwa mbele ya mzee mwenzake, na mbele ya binti yake, na nadhani alitaka mtu wa mbali ashuhudie. "Umwambie hata sisi tuko na hiyo," akasema. Akasimulia ng'ombe wa Krismasi, mgongo, fimbo, na shingo. Akasimulia mpiga kinanda. Jirani alisikiliza kwa makini sana, akitikisa kichwa kwa heshima. Habari zilipofika kwa mpiga kinanda alipiga paja lake kwa furaha. Kisha akauliza kitu kifupi. Mkwe alisita kukitafsiri.

"Sema," Mgawaji akamwambia.

"Anauliza, na wale wanaokula nyumbani kwako, wao walichagua shingo?"

Binti alikuwa amesimama karibu na mlango amembeba mtoto, na hakuondoka wala hakuingia.

Yule mzee hakuwa amekusudia kuumiza. Aliendelea kwa upole, akionyesha ile karatasi kwa kidole. Alisema kwao, wakitaka kueleza maneno hayo, husema mtu wa namna hiyo akiulizwa nani anafaa atamtaja adui yake akiwa anafaa, na siku ya pili akiulizwa tena atamtaja mwanawe wa kumzaa, akiwa anafaa. Alisema ile nusu ya kwanza watu huipenda. Ya pili ndiyo ngumu, kwa sababu watakusema. Kisha akatuongezea chai.

Mgawaji alimshukuru, akaipongeza chai. Siku zilizobaki alikuwa mnyenyekevu. Wakati wa kuagana binti alimfunga kamba za viatu kwa sababu hakuweza kuinama, naye akamwekea mkono kichwani, akaacha mkono pale muda mrefu kuliko baraka inavyohitaji.

Njiani tulifika mahali tukaanza kuziona taa za barabara kuu za Columbus zikiwashwa jioni. Ndipo akasema, "Mwinjilisti, mimi nilifikiri namugeuzia mugongo yule mutoto sawa na wote. Kumbe hapana. Wote niliwapa mugongo. Yeye peke yake nilimutazama usoni, kila mara, halafu nikasema, hapana, huyu ni wangu."

Nilikuwa na mistari kadhaa ya kumfariji. Nilimshukuru Mungu aliyenizuia kuisema.

"Na ile shingo," akaendelea, "nilikuwa nawagawia bale ba nyumba yangu shingo, mimi nabaki na paja." Alikuwa na maana ya sifa. Mpiga kinanda alikuwa amelisema hilo miaka mingi kabla, kwa ubaya, na lilikuwa kweli hata hivyo.

Yule msimamizi wa bohari alikuwa bado akimpigia simu, ingawa mzee hakuwa tena mfanyakazi. Baridi ilipokaribia alimwita kwa jambo kubwa: alitaka mtu wa kusimamia mchana sehemu nzima ya kuwafundisha wafanyakazi wapya. Mgawaji alimpa jina la binti yake. Akaongeza, "Ni mtoto wangu. Umuulize na wengine." Msimamizi akacheka, akasema amekuwa akilingojea jina hilo.

Binti alikubali, na maneno yakaanza kabla hajapakia vitu vyake kule Buffalo. Baada ya ibada, kwenye kahawa, wapo waliosema mzee amechoka, ameanza kuvuta upande wake. Wapo waliosema ndivyo wote wanavyoishia. Mgawaji alikuwa palepale kwenye kiti chake, anasikia. Najua lilimwuma, kwa sababu alishika kikombe bila kunywa. Jina zuri ndicho kitu pekee alichokuwa nacho ambacho hakuwahi kukigawa.

Aliyejibu hatukumtarajia. Mpiga kinanda alikuwa amekuja siku hiyo kumleta mama yake mzee, akakuta maneno hayo mlangoni.

"Donc, ninyi munaniambia nini?" akasema. "Mimi alinitaja niko adui yake, mukasema ni mutakatifu. Leo anataja mutoto wake, munasema ni mwizi. Yule dada alinifundisha mimi kutumia zile mashine. Kuna mutu hapa anaweza kusema hafai? Aseme."

Mama mmoja akamwambia, "Basi ingia ukae, usisimame kwenye mlango, baridi inaingia." Akaingia, akakaa. Kinanda hakukirudisha, lakini alikaa.

Binti alirudi Louisville na watu wake. Alifanya kazi mchana, na jioni mtoto alilala nyumbani katika kitanda chake.

Krismasi iliyofuata ilikuwa ya mwisho mimi na Mgawaji kuwa pamoja ghalani. Tulimbeba karibu kama mzigo, tukamweka kwenye kiti chenye blanketi karibu na mlango. Mafungu yalikuwa yamepangwa. Wote tulimngojea ageuzwe. Akasema, "Mugongo yangu imechoka. Asimame huyu."

Watu walitazamana. Mwanamke, na tena binti yake. Lakini alikuwa ameshasimama, amevaa koti la kazini, ametupa mgongo, nywele zake zimefungwa kitambaa cha bluu. Akaniambia bila kugeuka, "Papa Mwinjilisti, uelekeze fimbo popote. Usiniwekee kitu cha mwisho."

Nikafumba macho nami, ili tuwe sawa, nikaelekeza. Tulikwenda hivyo, nyumba kwa nyumba. Mpiga kinanda akapata kwato na akapokea kwa adabu. Kisha nikafungua macho baada ya kuelekeza, nikaona fimbo yangu iko juu ya fungu bora kuliko yote, lenye maini na kipande kinene cha paja.

"Hili la nani?"

"La kwangu," akasema binti.

Nyuma yangu niliwasikia wawili wakinong'ona. Nilimtazama Mgawaji. Alikuwa amenyoosha shingo akiliona lile fungu, kisha akautazama mgongo wa mtoto wake, ambao haukutikisika.

"Endelea, mama," akamwambia.

Tukaendelea. Nyumba ya mzee ilitajwa juu ya fungu la mbavu. Mke wake alizitazama, akashika kiuno. "Sasa hizi zinapikwa namna gani?" akauliza. "Mimi nimesahau." Tukacheka wote, na safari hii nilimsikia binti akicheka, bado ametupa mgongo.

Mafungu yakapungua. Nilipoelekeza fimbo kwenye shingo, nikauliza, "Hili la nani?"

"La Papa Mwinjilisti."

Nililibeba. Ni zito kuliko nilivyodhani wakati wa mahubiri. Nilipopita karibu na kiti chake Mgawaji alinishika mkono wa koti, akaniinamisha ili anisemeshe sikioni.

"Uipike polepole, ndugu," akasema. "Maji mengi, moto kidogo. Uanze asubuhi. Na usiwaambie nyumbani kwamba ni baraka. Uwaambie tu ni shingo."